Mhudumu wa Kitanda cha Tatu

"Jina lako nani?"

"Geum-rye."

"Hapa tuko wapi?"

"Hospi... tali. Incheon."

"Nje kukoje?"

"Majani yanapukutika. Baridi... inakuja."

"Vizuri. Na mimi ni nani?"

Geum-rye akafunga mdomo. Pil-sun aliendelea kumfuta shingo kwa taulo la maji moto, akashuka begani, upande ule wa kulia uliolala tangu kiharusi kilipompiga mwanzoni mwa joto. Wagonjwa wengine watano wa chumba kile walikuwa bado wanajigeuzageuza kitandani.

"Sema mhudumu," Pil-sun alinong'ona. "Neno moja tu. Mhudumu."

"Sitaki."

Hilo neno kiharusi hakikuligusa. Maneno mengi yalimpotea Geum-rye, hata ya uzi na sindano, lakini "sitaki" lilibaki zima kama lilivyokuwa siku zote. Alikuwa fundi cherehani aliyejikosesha wateja kwa kuwaambia ukweli: suruali hii haikukai, rudisha ulikoinunua. Pil-sun ndiye aliyekuwa akiinuka kutoka kwenye cherehani ya pili kwenda kuwabembeleza mlangoni.

"Dada, nisikilize. Daktari anakupima leo. Ukijibu yote, basi una akili zako, utachagua mwenyewe pa kwenda. Utasema nyumbani, na tutakwenda nyumbani. Ukikosea, anayechagua ni mdogo wako."

"Najua."

"Basi sema."

Geum-rye akamtazama. "Mke wangu," akasema.

Pil-sun akamziba mdomo kwa taulo, akacheka bila kutaka, kisha akageuka haraka kuona kama kuna aliyesikia.

Walikuwa wamekaa nyumba moja zaidi ya miaka thelathini, na siri ya mtungi aijuaye kata. Ile siku ya kiharusi, dirishani pa mapokezi, Pil-sun aliulizwa: wewe ni nani wake? Angesema nini? Akasema rafiki. Rafiki huja saa za kutazama wagonjwa, saa zikiisha huenda zake. Anayelala na mgonjwa ni ndugu wa damu, au mume, au mke, au mhudumu wa kukodishwa. Pil-sun alilia ngazini, alipomaliza akaenda kwa wakala wa wahudumu, akafundishwa kumgeuza mtu ambaye amemgeuza kitandani nusu ya maisha yake, akavishwa kizibao cha rangi ya waridi chenye kitambulisho kifuani.

Tangu hapo alilala kwenye kile kitanda kifupi kinachosukumwa chini ya kitanda cha mgonjwa, na chumba kizima kilimsifu. Mhudumu wa kitanda cha tatu hana mfano! Hasusi, hanuni, mgonjwa wake hana kidonda hata kimoja mgongoni. Sifa zile zilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Uji wa asubuhi ulikuwa bado haujaisha Shemasi Cha alipoingia, mfuko wa viazi vitamu vya kuchoma mkononi na rundo la karatasi kwapani. Mama yake alilazwa kitanda cha nne, nyonga imevunjika.

"Mama mhudumu, shika vingali vya moto. Mama yangu akitoka hapa nakuchukua wewe, nimeshasema. Huyu wako wakimhamisha usiende kwa mtu mwingine."

"Asante, Shemasi. Tutaona."

"Tutaona nini? Nimeshakutangaza kanisa zima!" Akainua macho kwenye televisheni ya ukutani. Watu walikuwa wamejaa mbele ya bunge, wengine na bendera za rangirangi, wengine na misalaba, polisi katikati yao. "Unawaona hao? Wamerudi tena na ile sheria yao ya kukataza ubaguzi. Kila bunge wanaileta, kila bunge tunaizika. Hebu weka sahihi ya kuipinga hapa, mwenzangu. Kanisa linapeleka kesho."

"Inasemaje hiyo sheria?" Bibi wa kitanda cha nne alipaza sauti, maana masikio yake yalikuwa mazito.

"Inasema binti yako akikuletea mwanamke mwenzake akakwambia huyu mkweo, mama, usifungue mdomo!"

Chumba kikaangua kicheko.

"Haisemi hivyo," Pil-sun alisema kabla hajajizuia. Kicheko kikakatika. Akainamisha uso kwenye bakuli. "Nilisikia tu kwenye habari. Eti mtu asifukuzwe kazini, wala asinyimwe nyumba, wala asifukuzwe hospitali, kwa sababu ya alivyo."

"Na nani kawafukuza?" Shemasi Cha hakuwa na hasira, alishangaa tu. "Wewe si unalala humu? Umewahi kumwona hata mmoja amefukuzwa hospitali hii?"

Vitanda vyote vilimtazama. Pil-sun alifikiria daktari aliyekuwa njiani, akafikiria kizibao kilichomruhusu kuketi pale alipoketi. Siku nyingine yoyote, lakini si leo.

"Sijaona," akasema.

"Haya basi!"

Akachukua kalamu akaandika jina lake chini ya majina mengine. Aliporudi na kijiko, Geum-rye alikuwa ameugeuzia uso ukuta, na uji uliobaki hakuula.

Tae-shik, mdogo wake Geum-rye, alifika kutoka Daegu amevaa suti, amebeba boksi la juisi kama mgeni yeyote. Akamshika dada yake mkono ule usiosikia kitu. Kisha akamwinamia Pil-sun kidogo. "Pole na kazi, mama mhudumu." Walipotoka hadi kwenye korido, peke yao, ndipo alipomwita kama zamani.

"Dada Pil-sun, usinifanyie mambo kuwa magumu."

"Nimefanya nini, Tae-shik?"

"Binti yangu anaolewa mwakani. Wakwe watataka kumjua shangazi mtu. Nitawapeleka wapi, nyuma ya duka lenu? Wakamkute na nani? Kuna hospitali ya wazee karibu na kwangu, safi, nimeshaongea nao. Hata wewe utapumzika."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Watu wana macho, Dada."

"Akifaulu leo anachagua mwenyewe. Daktari kasema."

"Akifaulu," alisema Tae-shik.

Pil-sun akamtazama huyu mtu mzima mwenye mvi. Alipokuwa chuo cha ufundi alilala dukani kwao, na kila alfajiri Pil-sun alimfungia chakula, akificha yai la kukaanga chini ya wali ili wenzake wasimnyang'anye. Alikuwa akirudi jioni na kikopo kitupu, anasema, Dada, wewe ungekuwa mama yangu. Fadhila za punda, waliosema hawakukosea. Pil-sun hakumkumbusha yai, kwa sababu alijua analikumbuka.

Daktari alikuja na wanafunzi wawili na muuguzi mkuu. Alikuwa kijana mpole mwenye macho ya usingizi. Akavuta kiti akaketi, jambo ambalo madaktari wengine hawakulifanya.

"Haya Mama, leo ndiyo leo. Unaitwa nani?"

Geum-rye akajibu. Akataja mji, akataja mwaka, akasema nje majani yanapukutika. Alipoulizwa kazi yake, akainua mkono wa kushoto na kukata hewa kwa vidole viwili, halafu neno likaja lenyewe: fundi. Aliambiwa atoe saba kwenye mia, akatoa, na saba tena, akatoa. Pil-sun alisimama miguuni pa kitanda, amejishika kizibao. Moyo wake ulianza kumwambia: nyumbani, tunakwenda nyumbani.

"Safi sana. Na huyu aliyevaa waridi, ni nani wako?"

Midomo ya Pil-sun iliunda neno bila sauti. Mhudumu.

Geum-rye aliiona. Akamtazama mdogo wake, akamtazama Shemasi Cha na karatasi zake, akarudi kwa Pil-sun.

"Mke wangu," akasema, bila kukwama.

Mtu wa kitanda cha kwanza alicheka, wengine wakamfuata. "Maskini," alisema Shemasi Cha, na huruma yake ilikuwa ya kweli.

Daktari hakucheka. "Mama, mtazame tena, usiwe na haraka. Huyu anakulisha, anakuogesha, anakesha nawe. Mtu wa kazi hiyo anaitwa nani?"

"Mke," alisema Geum-rye.

Safari hii hata wanafunzi waliuma midomo. Daktari alipumua, akashusha kalamu kwenye karatasi yake.

"Amejibu sawa," alisema Pil-sun.

"Mama, najua unampenda mgonjwa wako. Lakini usimsaidie."

"Simsaidii. Nimekaa naye toka nywele zangu nyeusi. Nyumba moja, chungu kimoja, blanketi moja. Hajakosea hata jibu moja, daktari. Kama huniamini, muulize huyu."

Kicheko kilikauka. Wote wakamgeukia Tae-shik, naye alikuwa anatazama boksi la juisi. Pil-sun akangoja. Hata wakati ule, Mungu amsamehe, alikuwa bado na tumaini.

"Dada yangu hajawahi kuolewa," Tae-shik alisema. "Huyu mama alikuwa anafanya kazi dukani kwake. Ni mtu mwema sana. Dada amechanganyikiwa."

Masikio ya daktari yalikuwa yamegeuka mekundu. Aliwatazama wanawake wale wawili, mmoja na mwingine, na Pil-sun akajua kwamba ameelewa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye.

"Kwa hospitali wewe ni mhudumu," alisema kwa sauti ya chini. "Jibu jingine lolote lazima niliandike kosa. Familia inayotambuliwa ni huyu mdogo wake."

Akaandika. Kiti kikarudishwa mahali pake.

Tae-shik alipiga simu palepale, gari lije kesho asubuhi. Muuguzi mkuu akamwambia Pil-sun, bila kumtazama usoni, kwamba wakala ataarifiwa, na kwamba mtu aliyedanganya uhusiano wake na mgonjwa haruhusiwi kulala wodini.

"Uhusiano sikudanganya leo," Pil-sun alisema. "Nilidanganya siku zote zile nyingine."

Akavua kizibao. Akakikunja kifundi, mshono juu ya mshono, akakiweka juu ya boksi la juisi. Kisha akaenda kitanda cha nne.

"Shemasi, naomba ile karatasi."

Shemasi Cha aliibana kifuani. Halafu, pengine kwa sababu hakujua la kufanya, akaitoa. Pil-sun akatafuta jina lake akalikata kwa mstari, akarudia mstari juu ya mstari, kama anavyorudia mshono unaobeba uzito.

"Kwa nini hukuniambia?" Shemasi aliuliza kwa unyonge. "Na mimi nimekaa nawe humu siku zote."

"Uliniuliza kama nimewahi kumwona mmoja aliyefukuzwa hospitali hii. Njoo kesho asubuhi umwone."

Televisheni ilikuwa imehamia kwenye hali ya hewa. Chakula cha jioni kikaletwa, uji wa wali na figili laini. Pil-sun akakivuta kitanda kifupi kutoka chini, akaketi juu yake na nguo zake za nyumbani, akafunga kitambaa shingoni mwa Geum-rye. Aliyetaka kumtoa aje amtoe, lakini kwanza uji uliwe.

Geum-rye alimeza kijiko kimoja. Machozi yalimteremka upande mmoja tu, ule unaosikia.

"Nime... feli?"

"Thubutu!"

"Basi... uliza tena."

Pil-sun akachota kijiko, akakipuliza.

"Jina lako nani?"

"Geum-rye."

"Hapa tuko wapi?"

"Hospitali."

"Na mimi ni nani?" Hakunong'ona. Sauti yake ilifika mpaka kitanda cha sita, na mlangoni muuguzi mkuu alisimama na simu mkononi.

"Mke wangu."

"Sawa," alisema Pil-sun, akampa kijiko kingine.