Miche Kumi na Miwili ya Mshituni

Mwaka ule wa 1975 nilikuwa na mimba ya miezi saba, na mtoto akicheza tumboni kama mwanambuzi. Mlima wetu tulikuwa tumeufyeka wote kwa shamba la kijiji. Mvua ikaja, udongo ukateremka, ukajaza ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Likapigwa baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji: sote tukarudishe miti.

Miche itoke wapi? Palibaki mshitu tu, kijisitu walikopelekwa vijana jandoni. Mwanamke akiingia, wazee walisema, kilicho tumboni hakitoki hai.

"Ushirikina huo!" alisema Mwenyekiti Hezroni. "Wanaume wako bondeni wanajenga. Akina mama, nataka miche mia mbili kabla ya saa sita. Asiyekwenda anapinga kijiji."

Wenzangu waliogopa, wakabaki nje kupokea miche. Mimi nikaogopa zaidi kuitwa mpinga kijiji, nikaingia na mama mkwe wangu, Dorkas, tumeshikana kanga. Ndani giza, mchana kweupe. Kijiti kikavunjika juu, nikaganda. Walikuwa mbega, wengi mno, wamebanana matawini kama watu waliochomewa nyumba, wanatutazama bila sauti. Hapo nikahisi: mtoto hachezi.

"Mama, ametulia."

"Chimba, mwanangu. Usimsemeseme." Kisha akanong'ona, "Kitendawili."

"Tega."

"Mama kasimama mwaka mzima, wanawe wako miguuni wala hawamlilii."

"Mti na miche yake."

Jembe likanikwama mkononi. Tukiwang'oa watoto wote, mama hawa wakianguka, nani atasimama? Na mbega je? Tukatoa miche kumi na miwili tu, pale ilipobanana.

Hezroni alingoja ukingoni. "Mia mbili nilisema!"

"Mingine imo humo, Ndugu Mwenyekiti," Dorkas akamjibu. "Si ni ushirikina? Karibu ndani."

Akainua mguu. Akalitazama lile giza. Akaushusha.

"Basi... ya kuanzia inatosha."

"Na mbegu tutaokota zinazoangukia nje, tuoteshe," Dorkas akaongeza.

Tukapanda juu ya ndiva. Wenzangu waliimba, mimi mkono tumboni. Siku ya kwanza mtoto kimya. Ya pili kimya, sikula. Ya tatu nimeinama namwagilia mche, akanipiga teke hata nikaangusha kata.

Nililia. Dorkas, Mlutheri wa kila Jumapili, akanishika tumbo, akageukia mshitu.

"Asante," akasema polepole. "Haturudi."