Midomo Iliyofichwa Muthara

"Basi kama nimekula mguu wa mume wako, niambie niliutafuna na meno gani," Thuranira alisema, na watu waliokuwa wamesimama karibu na ua wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwa sababu Karwirwa hakucheka.

Alikuwa upande wake wa ua, povu la sabuni mikononi, nguo za mumewe Mithika zimeachwa kwa karai. Akajibu kwamba hajasema umeliwa. Amesema mguu uliuzwa, na waliouuza ni kamati ya miraa, na mwenyekiti wa kamati ni yeye Thuranira, kwa hivyo asijifanye mgeni hapa.

Mimi nilikuwa nimetoka na kikombe changu cha chai. Kelele ikianza karibu na mlango wako huwezi kukaa ndani kama mgonjwa, na kusema kweli nyumba yangu na zao zimegusana hivi kwamba hata wakinong'ona nasikia.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya kesho. Wale madaktari wa meno walikuwa wanarudi kupima tena, na Karwirwa alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwaambia wote waliofichwa mara ya kwanza wajitokeze. Thuranira alitaka afunge mdomo.

Wacha niwaeleze. Mwaka uliopita, Waingereza wakiwa wanasema watafunga soko la miraa, daktari mmoja anaitwa Kathure alikuja hapa kwetu Muthara kusimamisha hema pale shule ya msingi. Msichana wa hapa hapa Meru, amesoma sana, lakini Kimeru chake hakijaharibika. Alisema anafanya utafiti wa midomo. Atatazama fizi, atoboe kidole apate tone la damu, aone kama watu ambao fizi zao zinavuja damu na meno yao yanatikisika ndio hao hao walio na ugonjwa wa sukari. Alisema vitu hivyo viwili hupeana nguvu, sukari inaozesha fizi, na fizi zikioza sukari inakataa kushuka. Alieleza vizuri kabisa. Sisi tulisikia neno moja tu, utafiti. Na kwa mtu aliye na miraa shambani, utafiti ni mtu anakuja kuandika kwamba unauza sumu.

Kamati ikakaa, ikakubaliana. Wenye midomo mizuri ndio waende kwa hema: wamama wa kanisa ambao hawajawahi kuweka jani mdomoni, walimu, na wasichana wa kwaya. Wenye midomo mibaya wakae shambani, au waende kusalimia watu wao mbali. Wa kwanza kutajwa alikuwa Mithika.

Mithika, mume wa Karwirwa, alikuwa mwonjaji. Tangu ujana wake, wanunuzi walikuwa wanangoja aweke kijiti kinywani, atafune na chingamu, ashushie na soda, ndio aseme bunda hili ni la kupanda ndege hadi London na lile ni la kuuzwa hapa soko la Makutano. Kazi hiyo ilimpa heshima na ikamla meno. Ya chini yalikuwa yanacheza kama nguzo za ua uliooza, na ukiongea naye asubuhi ulikuwa unageuza uso kwa adabu. Alikuwa anakunywa maji mtungi mzima. Alikuwa amekonda. Tukasema ni miraa. Kila kitu cha Mithika tulisema ni miraa.

Thuranira akamshauri aende Gachoka kwa dada yake aliyeolewa huko, apumzike mpaka hema zitolewe. Mithika hakukataa, alienda akijisikia shujaa. Alikuwa amejikata kidogo kwenye kidole cha mguu na jembe, akafunga kitambaa, akaondoka.

Kule Gachoka kuna joto. Kidonda kilikataa kupona. Dada yake alikiosha na maji ya chumvi, akaomba, akaosha tena. Mithika aliporudi, hema zimeenda, harufu ilimtangulia mlangoni. Karwirwa akampakia kwa gari la jirani hadi hospitali, na kile kimashine cha sukari kikaandika herufi badala ya namba, maana sukari yenyewe ilikuwa imepita pale mashine inaweza kuhesabu. Wakamkata chini ya goti. Daktari wa huko aliuliza kama hakuna mtu aliyewahi kumtazama mdomo mzee huyu, kwa sababu fizi kama hizi peke yake zingetosha kufanya apimwe. Karwirwa angejibu nini? Kwamba mdomo ulikuwa safarini?

Na ripoti ilikuja. Chifu aliisoma kwa baraza: midomo ya Muthara iko vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Tulipiga makofi. Thuranira alitununulia soda. Halafu kliniki ya meno na sukari iliyokuwa imepangiwa sisi ikapelekwa kwingine, kwa watu wagonjwa.

Ndio sasa Thuranira alikuwa amesimama pale kwa ua akimwambia Karwirwa kwamba akipeleka midomo hiyo yote kesho, atakuwa amewapa maadui wa miraa panga.

"Soko la London si lilifungwa?" Karwirwa akamuuliza. "Lilifungwa hata meno yetu yakiandikwa mazuri. Kathure hakuwa anatafuta miraa, mzee. Alikuwa anatafuta sukari. Mlificha kitu ambacho hakuna mtu alikuwa anakitafuta, na mkamficha mume wangu pamoja nacho."

Thuranira akageuka kwenda, akatema mate kando ya njia. Sasa, sisi watu wa hapa tunajua mate ya mtu wa miraa, ni ya kijani. Haya yalikuwa mekundu. Aliyafunika haraka na kiatu, lakini Karwirwa alikuwa ameona, na mimi pia.

Jioni jikoni kwa Karwirwa hapakuwa na pa kuweka mguu. Wote waliokubali kwenda kesho walikuwa hapo, kila mtu akichungulia mdomo wa mwenzake na tochi ya simu, wakitaniana mdomo wa nani utamkimbiza daktari kwanza. Mimi nilikuwa naponda mukimo wa viazi, mahindi mabichi na mboga. Mithika alikuwa kwa kiti chake, magongo ukutani, akicheka na fizi tupu.

Thuranira alitokea upande wa migomba, sio wa njia. Akasimama mlangoni.

"Mithika," akasema, "ile kiu yako. Ilianzaje?"

"Nilienda nayo Gachoka," Mithika akasema. "Hukuniuliza."

Thuranira alishika shavu lake kama mtu ameumwa na nyuki. Akamgeukia Karwirwa, akamwomba kwa sauti ya chini kama anaweza kumfikisha kwa daktari alfajiri, kabla watu hawajaamka. Alimwita Mama Gacheri, kwa heshima, jina la kifungua mimba wa Karwirwa, kitu ambacho mwaka mzima hakuwa amefanya.

"Hapana," Karwirwa akasema. "Utasimama kwa laini na hawa. Mbele kabisa, watu wakuone ukifungua mdomo."

Thuranira akaitikia kwa kichwa. Hata hivyo hakuondoka, na sisi wote tulijua ni kwa nini: nyumbani kwake usiku ule walikuwa wamepika muthere, mahindi makavu na maharagwe, chakula kinachotaka meno, na harufu ilikuwa imefika mpaka kwetu.

Karwirwa alichukua sahani, akapakua, akaiweka kwenye stuli iliyokuwa karibu na gongo la mumewe.

"Sijakusamehe, na usifikirie hivyo," akamwambia. "Ingia ule. Huu umepondwa sana, hata wewe utaweza."