Mshenga wa Málaga

Usiku wa kuamkia leo niliota naendesha mashua ya tanga katika pwani ya Uhispania, peke yangu, nimevaa kanzu na koti, nakwenda kumposa Mwatumu. Kwa nini Mwatumu, binti wa Tanga mjini, awe anaishi Málaga, sikuuliza. Nilijua tu kwamba kuna mwanamume mwingine naye anakwenda kumposa, tena mashua yake ina injini.

Mji wa Cádiz ulinisindikiza na kuta zake zote mpaka kilindini. Hapo ukasema miguu inauma, ukarudi kukaa mahali pake.

Nikafika Málaga. Gatini, juu ya kigingi cha chuma cha kufungia kamba, amekaa Bi Nunu, mama yake Mwatumu, kajitanda buibui na mkoba magotini. Naelekeza omo, pua ya mashua, kwake ili nimsalimu.

"Simama hapohapo," inasema sauti.

Ni samaki sita wadogo waliochomekwa kwenye kijiti, wanachomwa ufukweni.

"Hapa mashua huingia kinyumenyume," anasema wa kwanza. "Omo huelekea baharini, tezi ndiyo huja gatini."

"Mkwe wangu yupo gatini. Nimgeuzie mgongo?"

"Ndiyo sheria," anasema wa tatu. "Na sisi tugeuze, upande huu umeshaiva."

Niliwageuza. Walishukuru kwa zamu.

Basi nikaingia kinyumenyume, na mwili wangu nao ukaifuata sheria. Nilishuka gatini kisogo mbele, uso baharini. Nilijaribu kugeuka, wapi.

"Shikamoo, mama," nikaiambia bahari.

"Marahaba, mwanangu," ikajibu bahari. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Kijana," akasema Bi Nunu nyuma yangu, "posa unaileta mwenyewe?"

Nilikuwa nimekumbuka ramani, maji ya kunywa na marashi, nikasahau washenga. Kwetu hata mtoto anajua kwamba mposaji hukaa nyumbani akitetemeka, wazee ndio wanaopeleka maneno.

"Mwenzio anakuja na wanne," akasema Bi Nunu. "Mimi nakwenda zangu kikaoni. Asiye na mshenga asijisumbue."

Nikaingia kichochoro cha Málaga kinyumenyume, nikatokea Cartagena uso mbele. Hakuna aliyeshangaa. Katika uwanja wa maonyesho uliojengwa na Warumi wa kale, kwenye ngazi za mawe, wamejaa shangazi zake Mwatumu, wanajipepea kwa vipepeo vya ukili, wanasubiri kusikia posa. Bi Nunu kakaa mbele.

Mzinga mmoja wa ngome ulikuwa umeegemea ukuta. Nikauomba uniwakilishe.

"Ningependa," ukasema, "lakini mimi nikifungua mdomo watu hukimbia."

Nikauendea mnara wa taa wa Málaga, ambao sasa ulikuwa Cartagena, mweupe, mrefu, umesimama kando ya mlango wa uwanja.

"Maisha yangu yote nawaonyesha wengine njia ya kuingia," ukasema. "Mimi mwenyewe sijawahi kukaribishwa ndani."

"Unajua kuposa?"

"Najua kufumba na kufumbua jicho."

"Jicho hilo usimfumbie mama mkwe, tafadhali."

"Nitajitahidi, lakini ndiyo kazi niliyosomea."

Injini ya yule mwenzangu inanguruma karibu. Nampenda Mwatumu, nikaona bora niaibike kuliko kumkosa. "Nenda," nikaubembeleza mnara. Ukajifuta vumbi, ukapiga hodi. Shangazi wote wakaitikia "Karibu!" kwa pamoja, nami nikaamka.

Simu ilikuwa inaita. Ni Mwatumu, anacheka na kulia.

"Si ungeniambia kwamba unaleta posa leo? Mama kakubali. Kuna watu wanne wamefika baadaye wakaambiwa wamechelewa."

Nilikaa kitandani. Nilifurahi mno.

"Nani kaja kwa niaba yangu?" nikauliza taratibu.

"Mzee wako yule mrefu. Mlangoni kaingia kwa kuinama. Hataki kuondoka, anasema kwetu pazuri. Ila kila nikimpa chai anafumba jicho, anafumbua. Mama anauliza, ni ndugu yenu wa upande gani?"

"Wa upande wa mama," nikasema.