Vibandiko Havinyauki

Hakuwa na kompyuta ya mkononi. Hakuwa na fulana ya kijani, maana zilipogawiwa waliokaa mbele walichukua mbili mbili. Hakuwa na baba, wala shangazi mwenye cheo, wala mtu katika ofisi yoyote wa kumwambia, "Pita, mwanangu, huyu ni wetu." Hakuwa na Kiingereza cha puani. Hakuwa na ile sauti ya mikutanoni inayomwezesha mtu kuzungumza robo saa bila kusema kitu. Hakuwa na viatu vya mvua, na hakuwa na subira na wavivu wa kufikiri.

Alichokuwa nacho ni mwandiko safi na tabia ya kuhesabu mara mbili. Kwa sababu hiyo wenzake wa mwaka wa pili, idara ya mazingira, chuo kikuu, walimwita msichana huyo Takwimu, wakamwachia kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kutunza daftari la miche.

Miche yenyewe ilipandwa kwenye mteremko ulio nyuma ya chuo. Juu yake kuna uzio wa chuo. Chini yake kuna nyumba thelathini na mbili zilizojipanga safu moja, zimeupa mlima mgongo. Kila msimu wa mvua udongo hushuka kidogo. Mwaka juzi uliingia jikoni mwa nyumba ya nne, ukalizima jiko, ukafunika masufuria, ukasimama kwenye kizingiti cha chumba walimolala watoto. Nyumba ya nne ni ya mama yake Takwimu, na watoto wale ni wadogo zake.

Baada ya hapo halmashauri ya mji ilikubali kujenga ukuta wa mawe. Mhandisi alikuja, akapima, akapigilia vigingi. Ndipo chuo kikuu kilipoingilia kati na akili zake.

Profesa wa idara alikuwa amepata habari za shindano la kimataifa la vyuo, vijana na mabadiliko ya tabianchi. Profesa huyu hakuwa ameshika jembe tangu alipoacha kuvaa kaptula, ingawa aliweza kulitaja katika lugha tatu. Aliiandikia halmashauri kwamba ukuta ni fikra za jana. Miti elfu moja iliyopandwa na vijana, alisema, itaushika udongo kuliko mawe, na dunia nzima itatazama. Halmashauri haijapata hata siku moja kuikataa nafasi ya kutofanya kazi. Ikajibu kwamba ukuta usubiri, ionekane kwanza kama miti itashika.

Siku ya kupanda walikuja wanafunzi mia tatu. Mwenyekiti wao alijiita Balozi wa Tabianchi, ijapokuwa hakuna nchi iliyomtuma wala iliyompokea. Alihutubia dakika arobaini, watu wamesimama juani, miche inakauka kwenye mkokoteni. Kisha kila kijana alipanda miche mitatu au minne na kupigwa picha sita.

Sasa kosa lenyewe. Mkulima asiyejua kusoma asingeweza kulifanya. Lilihitaji elimu ya juu. Masharti ya shindano yalitaka kila mche uwe na kibandiko chenye namba na vile vimistari vya kusomwa na simu. Vibandiko vilikuwa vimegandishwa kwenye viriba, yaani ile mifuko myeusi ya nailoni ambamo miche huoteshwa kitaluni. Yeyote aliyewahi kupanda mti anajua kwamba kiriba huchanwa, mizizi ikakabidhiwa ardhi. Lakini masharti yalisema mche usitenganishwe na kibandiko chake. Basi Profesa akaamuru miche izikwe pamoja na viriba, mdomo wa mfuko ubaki nje kama kola ya shati, kibandiko kikitazama mbinguni. Vijana mia tatu waliofaulu mitihani yote ya maisha yao wakafanya hivyo, na hakuna aliyeuliza. Takwimu siku hiyo aliwekwa mezani chini ya turubai, akiandika namba. Shimo hakuliona hata moja.

Ukapita ukame wa miezi sita. Zilipobaki wiki tano mvua inyeshe, kikafika kipindi cha tathmini. Vijana ishirini walipita mteremkoni na simu zao, wakizielekeza kwenye zile kola. Simu ikilia "ti", mche umehesabiwa u hai. Jioni mashine ikatoa jibu: hai, mia tisa sitini na mmoja. Nailoni ina umri mrefu sana.

Takwimu aliisoma namba hiyo mara mbili, akatikisa kichwa. Mama yake alikuwa amemwambia wiki ile ile kwamba kule juu kumekuwa kama upara. Akaupanda mteremko peke yake. Mche wa kwanza aliushika kwa vidole viwili, ukachomoka kama kijiti kwenye uji. Akauchana mfuko. Mizizi ilikuwa imejizungusha humo ndani kama uzi kwenye kibiringo, mikavu, haijagusa udongo wa mlima hata kidogo. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa na majani mawili ya manjano.

Alikwenda moja kwa moja kitaluni, kwa mjomba wake, kaka wa mama yake, mtunza kitalu cha chuo kwa miaka ishirini na miwili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona unahema? Umekimbizwa na mbwa?"

"Mjomba, ulijua kwamba miche imepandwa na viriba vyake?"

Mzee hakuacha kumwagilia. "Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Nilisema. Nilimwambia Profesa vibandiko tuvifunge kwenye vijiti, viriba tuvichane. Akaniambia vijiti havimo kwenye mwongozo."

"Halafu?"

"Halafu nini? Mwenzangu ana digrii tatu, mimi nina ndoo mbili. Ungemsikiliza nani?"

"Dada yako analala chini ya mlima huo. Dada yako wa tumbo moja."

Mjomba alihamisha ndoo, kutoka mkono huu kwenda mkono ule. "Nimebakiza miaka miwili nistaafu, mama. Usiniwashie moto."

Hivyo ndivyo upumbavu unavyotawala. Wenye kujua wapo, tena hawajifichi. Wanamwagilia.

Kesho yake, siku ya Jumatano, Takwimu aliitwa ofisini kwa Profesa. Ilikuwa ofisi ya mtu anayependa mazingira: zulia, kiyoyozi kinachonguruma madirisha yakiwa wazi, na katika pembe mmea mkubwa wa plastiki uliojaa vumbi. Balozi alikuwa amekaa mguu juu ya mguu. Mezani kulikuwa na ripoti mbili zenye jalada la rangi, moja ya shindano, nyingine ya kupelekwa kwa mhandisi wa mji. Mhandisi alikuwa ametoa siku: Jumatatu mchana ataamua kama mawe yatajengwa pale mteremkoni au yatapelekwa kuzungushia maegesho ya uwanja wa mpira.

"Karibu, karibu, nyota yetu," Profesa alisema. "Tia saini hapo palipoandikwa mtunza takwimu. Ni utaratibu tu."

"Shikamoo, Profesa. Samahani, siwezi. Miche imekufa."

Balozi akacheka. "Imekufaje, dada, na simu imeisoma?"

"Simu imesoma nailoni. Nikikubandika wewe hicho kibandiko kwenye paji la uso, itasema nawe ni mche."

"Unamwona, Profesa? Huyu ana roho ya kukatisha watu tamaa. Sisi tunaiokoa dunia hapa!"

"Dunia ni kubwa, kaka. Ianzie nyumba ya nne."

Profesa aliinua kiganja kama askari wa barabarani. "Tusitumie lugha ya kufa. Tuseme miche ipo katika hatua ya mpito."

"Mpito kwenda wapi, Profesa?"

Profesa akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Watakaosafiri kupokea tuzo ni watu watatu. Mimi, Balozi, na mtunza takwimu. Umewahi kupanda ndege? Basi. Na ufadhili wako wa mwaka ujao unapita kwenye meza hii hii. Sikutishi, binti. Nakueleza mchakato."

"Mchakato nimeuelewa. Naomba nikachimbe mstari mmoja tu, nihesabu mizizi."

"Kuchimba ni kuharibu mradi!"

"Basi nipe mpaka Jumatatu nifikiri."

"Fikiri," alisema Profesa, kwa sauti ya mtu anayempa mtoto ruhusa ya kwenda msalani.

Takwimu alipita mabwenini akiomba watu waje na majembe Jumamosi asubuhi. Kati ya mabalozi mia tatu, walitokea watatu. Mmoja aliuliza nani atapiga picha. Alipoambiwa hakuna, akakumbuka ana kikundi cha kujisomea. Walibaki wawili, kijana mmoja mrefu wa mwaka wa kwanza aliyeongea mara moja kwa saa, na msichana aliyeitwa Miwani. Hao wawili, lazima tuseme, walichimba. Kama chuo kikuu kina faida, ilikuwa imevaa kandambili asubuhi ile.

Mama yake Takwimu aliupanda mteremko na majirani wanne, masururu mabegani. Akawatazama wale wanafunzi wawili toka juu hadi chini. "Hawa ndio wasomi wenyewe? Wengine mmewaacha wapi?"

"Wako mkutanoni, mama," alisema Miwani.

"Wa nini?"

"Wa miti."

Majirani walicheka hadi mmoja akakaa chini. Kisha kazi ikaanza. Walichukua mstari wa katikati, miche mia moja, wakachimbua mmoja mmoja, wakachana viriba, Takwimu akaandika. Mjomba naye alitokea saa nne, hakusalimia vizuri, akatoa kisu chake cha kitaluni na kuanza kuchana mifuko kwa mkupuo mmoja safi, kama mtu anayepasua samaki.

Iliyokufa, tisini na mitatu. Iliyo hai, saba. Ile saba waliipanda upya, mizizi ikiwa huru.

Aliyegundua jambo baya zaidi ni yule kijana mrefu. Alikuwa amepiga magoti akisukuma mkono wake ndani ya shimo, ukaingia mpaka kwenye kiwiko. "Zamani hapa palikuwa na nyasi," alisema. "Tumezing'oa ili tupande. Tumeutoboa mlima mashimo elfu moja, na kila shimo lina mfuko wa kukusanyia maji."

Mama alitazama chini, bati la nyumba ya nne lilivyokaa pale karibu kiasi kwamba ungeweza kulitupia kiatu.

Jumapili mchana, kwenye meza ya jikoni, Takwimu aliandika barua kwa mhandisi wa mji. Hakuweka neno "mkakati" hata mara moja. Aliandika miche mingapi ilichimbuliwa, mstari upi, siku gani, mbele ya nani. Alieleza jinsi simu zilivyohesabu vibandiko. Aliandika habari ya nyasi na mashimo, akaomba mhandisi aje aingize mkono wake mwenyewe kabla ya kuyahamisha mawe. Ukurasa mmoja na robo. Miwani akatia saini. Kijana mrefu akatia saini, na namba yake ya usajili chini, bila kuulizwa.

Takwimu akamsogezea mjomba kalamu. Mjomba aliitazama kama inaweza kuuma. "Mimi nilikuja kusaidia tu," alisema, akainuka, akaaga. Alileta kisu, hakuleta jina.

"Mwache," alisema mama. "Tangu utotoni yuko hivyo, embe atakudakia, mtini hatapanda." Alikaa kwenye stuli iliyoachwa wazi. "Na wewe, mwanangu, wakikufukuza?"

"Nitafukuzwa nikiwa na mahali pa kurudi, mama."

Mama alimpangusia meza pale penye maji ili barua isilowe.

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, Takwimu alimkuta tarishi wa chuo kwenye lango, akifunga mkoba wa barua nyuma ya baiskeli. Tarishi huyu hupeleka barua za chuo halmashauri kila asubuhi, na hupenda kujua kilichomo.

"Shikamoo, mzee. Kuna bahasha ya Profesa kwa mhandisi?"

"Marahaba. Ipo, nzito kama tofali. Yule Balozi wenu kaileta jana jioni." Akaitoa, na kwa kuwa haikuwa imegandishwa, akachomoa ripoti. Nyuma, penye nafasi ya mtunza takwimu, jalada la plastiki lilionyesha saini ya Balozi, na juu yake maneno "kwa niaba ya." Hawakuwa hata na adabu ya kumsubiri.

Takwimu akatoa bahasha yake ya kaki. Barua ilikuwa ndani tayari. Aliisoma anwani mara mbili, akalamba gundi, akaibonyeza kwa dole gumba toka pembe hadi pembe, akaipigapiga kwenye paja ishike vizuri.

"Nayo ya mhandisi?" tarishi aliuliza. "Nyembamba hivi? Ya harusi?"

"Ya ukuta. Mwombe aisome hii kwanza, mzee wangu, kabla ya ile ya rangi."

"Mimi nabeba tu, binti. Sipangi nani asomwe kwanza." Aliipokea, akaigeuza, akamtazama msichana na udongo uliokuwa bado kwenye kucha zake. Kisha akafungua mkoba, akalitia lile tofali la Profesa chini kabisa, akaweka bahasha ya kaki juu, akafunga kamba, akapanda baiskeli na kuteremka kuelekea mjini.