Jumatano ya Shangazi Evodia

Hapa kijijini Sepuka kuna watu saba wanaosaidiana palizi kwa zamu. Jumatano na Jumamosi wote huingia na majembe katika shamba la mmoja wao, na mwenye shamba hupika. Mpango mzuri, ila kwa misimu sita shangazi yangu Evodia amepalilia mashamba ya wenzake na hajawahi kupaliliwa hata mstari mmoja. Zamu yake ikikaribia, hutokea mtu mwenye shida, naye humwachia.

Wanamwita mtu wa watu. Nimesikia sifa hiyo hadi kanisani, ikitoka kwa wanaume wasioweza kumbebea ndoo ya maji hatua kumi. Sifa haina uzito, ndiyo maana wanaigawa bure.

Mwaka huu nilirudi kutoka chuo nikaliona shamba lake. Alizeti zilinifika magotini, magugu kiunoni. Wiki hiyo ikipita bila palizi asingevuna kitu, na alizeti hiyo ndiyo inayomnunulia mahindi ya mwaka mzima. Sisi wawili peke yetu tusingeweza.

Jumatatu jioni akaja Agripina, kiongozi wa kikundi. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku macho yake yakitafuta kigoda. Akaketi, akaisifia chai kabla hajamiminiwa.

"Dada Evodia, keshokutwa ni zamu yako. Sasa Jumapili binti yangu anapata wageni wa posa, na kile kishamba changu cha nyumbani kimekuwa pori. Nimewaambia wenzetu tuanze na kwangu, Evodia hana neno."

"Umewaambia kabla ya kuniuliza?"

"Si nakujua."

Shamba lake kubwa tulikuwa tumelipalilia wiki iliyopita. Alilisahau hilo bila taabu yoyote.

"Niache nifikiri mpaka asubuhi," shangazi akasema.

Agripina akacheka. "Haya, fikiri. Mimi nakwenda kuwaambia waje kwangu."

Alipoondoka nilishindwa kunyamaza. "Shangazi, hawa hawakupendi. Wanapenda jembe lako."

"Unadhani silijui hilo?" Alikuwa akisugua sufuria iliyokwisha takata. "Naogopa nikiwaita wasije, Luciana. Nikimwachia mtu zamu yangu, sitajua kama wangekuja."

Hapo dharau yangu ikakosa pa kusimama. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kama yeye mwenyewe aliona anastahili kupaliliwa. Akaiweka sufuria chini, akaenda kulala. Lakini alfajiri alijifunga khanga, nikamfuata hadi kwa Agripina.

"Jumatano ni yangu," alimwambia akiwa amesimama mlangoni. "Njooni saa moja. Mimi nitapika."

"Umeharibiwa na huyu msomi wako."

"Njoo na jembe."

Tukawapitia na wengine kuwaambia. Jumatano wakaja wanne. Philipo, ambaye mtama wake tumeupalilia kila mwaka, alisimama ukingoni akashangaa. "Kumbe hili ndilo shamba lako, dada? Misimu sita nalipita nikijua ni la kijiji, limetelekezwa."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Mtu amekula ugali wa jasho la shangazi miaka sita na hajui shangazi analima wapi.

Shangazi hakukasirika. Alinyoosha mkono. "Mpaka wangu unaanzia kwenye ule mkonge, unakwenda hadi kichuguuni. Sasa mmejua."

Palizi ilikuwa imebakiza mistari miwili nilipoleta vyungu, na nyuma ya harufu ya kuku akaja Agripina, mikono mitupu, akilalamikia mguu. Mguu huo ulikuwa umemfikisha saa ya chakula bila kukosea. Nilikuwa nimemwandalia maneno ambayo asingeyasahau, na nilitamani shangazi amfukuze.

Shangazi akachukua jembe langu akampa. "Mstari wako ule. Tutakula ukifika mwisho."

"Tutakula?"

"Wote. Tunakungoja."

Agripina akavitazama vyungu, akawatazama wale wanne waliokwisha nawa mikono. Hakuna aliyemtetea. Akajifunga khanga kiunoni, akainama. Shangazi naye akaingia mstari wa jirani.

"Usichimbe sana, utakata mizizi," alimwambia baada ya kitambo.

"Leo unajua kuamuru."

"Ni shamba langu, Agripina."

Agripina akanuna. Kisha akapunguza nguvu ya jembe, akachimba kwa juu juu kama alivyoelekezwa.