Droo ya K-B-L

Fundi wa majalada alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache yalimkauka mdomoni kila alipopanda kwenda ofisi ya kamusi, ghorofa ya pili. Mhariri wa kamusi alikuwa mjane wa makamo, mcheshi, ila mkali kwa wanaokunja kurasa. Walimwita Bibi Mizizi, maana kwake kila neno lilikuwa na ukoo. Na ofisini mwake jambo lolote, hata kuomba likizo, liliandikwa kwenye kadi likatiwa droo. Asiye na kadi hakusikilizwa.

Basi Fundi naye akaandika: "Je, utakubali nikuoe?" Alipoona Bibi Mizizi katoka kunywa maji, akafungua kabati la ukutani, akaipenyeza kadi panapoanza KU, KU ya kukubali, akashuka ngazi mbili mbili.

Wiki ya kwanza alinyoa ndevu kila asubuhi. Ya pili, siku moja moja. Ya tatu akaona basi, nimeshakataliwa, tena kimyakimya. Akamuaga mwenye karakana ya majalada, ghorofa ya chini: amepata kazi mji mwingine, anaondoka Jumamosi. Lililobaki ni kuichukua ile kadi, asije akachekwa na ofisi nzima.

"Unatafuta nini humo, Fundi?" Bibi Mizizi alimkuta na mikono yote miwili ndani ya droo. "Kabati hilo la alfabeti sijaligusa tangu mwaka juzi."

"Kwani hili jingine, la karibu na meza yako, si la alfabeti?"

"La mizizi! Njoo uone." Akavuta droo ya K-B-L. "Maneno yaliyotoka kwenye Kiarabu nayaweka na ndugu zao wenye konsonanti zilezile. Kabla, kilichotangulia. Kibla, upande unaouelekea. Kukabili, kumtazama mtu usoni, jambo ambalo wewe huliwezi. Kabila naye yumo, nimemhoji mpaka nimechoka. Na kukubali, kukipokea kilichokujia. Mama mmoja hawa, kila mtoto na tabia zake. Haya, wewe unatafuta neno gani?"

Fundi masikio yakamwaka moto. Kumbe hakuna aliyemkataa! Kadi haikusomwa na mtu. Akaichomoa, akampa, akatazama sakafu.

Bibi Mizizi akavaa miwani. Akasoma, akarudia. Kisha akafoka:

"Wiki tatu! Wiki tatu nakuona unapanda, mara umenyoa, mara hujanyoa, unashuka hujasema kitu, nami najiambia labda nimeota ndoto za mchana. Nimelia, Fundi! Mimi mtu mzima hivi, nimelia kwa ajili yako!"

"Nimeshaaga kazini," Fundi akasema kwa sauti ndogo. "Jumamosi naondoka."

"Kwa ruhusa ya nani?" Akavua miwani, akajifuta macho, akaangua kicheko. "Nenda kamwambie mwenye karakana huendi popote. Halafu urudi uniulize kwa mdomo. Mambo ya kadi nimeyachoka."

Fundi alishafika mlangoni. Akageuka, akauliza hapo hapo, kwa sauti iliyosikika mpaka karakana.