Programu ya Mwaka Mmoja

Majibu ya vyuo yalipotoka, nyumba ya Ndagijimana ikajikuta na wanafunzi wawili wa unesi, na mmoja wao alikuwa mama mwenye nyumba.

Bernardine alikuwa amevuka miaka arobaini na mitano. Kabla ya vita alifundisha kemia na biolojia katika shule ya sekondari Uvira, Kongo, akiwa na shahada yake kutoka Bukavu. Kisha wakakimbia. Wakakaa kambini Tanzania hadi watoto wakasahau kuwa kuna maisha mengine, na mwishowe wakaletwa Saint Paul, Marekani. Huku shahada yake haikumfungulia mlango wa darasa lolote. Akaajiriwa kuhudumia wazee katika makao yao huko Anoka: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani ili ngozi isichubuke. Kazi hiyo aliipenda kuliko alivyotarajia, na ndiyo iliyomtia hamu ya kuwa nesi kamili.

Binti yake, Rachelle, alikuwa amemaliza shahada ya biolojia majira ya joto yaliyopita, naye akataka unesi. Watu wa namna yao, wenye shahada ya kitu kingine tayari, wanaweza kusoma unesi kwa mkato. Waliomba pamoja katika vyuo viwili, na vyote viwili vikawakubali wote.

Chuo cha Minneapolis kilikuwa cha mwaka mmoja. Masomo ya nadharia unayatazama kwa video nyumbani kwako, kisha unakwenda maabara na hospitali kujifunza kwa vitendo. Cha Saint Paul kilichukua karibu mwaka na nusu, na kila kitu kilifanyika darasani, mwalimu mbele, wanafunzi wamekaa vikundi vikundi.

"Bon, hapa hakuna cha kufikiria," Ndagijimana, mume wa Bernardine, alisema. Alikuwa dereva wa basi la jiji, mtu aliyependa mambo yaende kwa ratiba. "Mtoto aende Minneapolis, ana akili ya mbio. Mama Rachelle, wewe uende cha hapa Saint Paul, polepole."

Kazini Anoka Bernardine alisikia hayohayo. Nkirote, nesi Mkenya aliyeishi Brooklyn Park aliyekuwa msimamizi wa zamu yake, alimvuta kando wakati wa chai.

"Mama Rachelle, nakwambia kama dada yako. Hizo za mwaka mmoja ni moto. Nimeona watu waki-drop, tena watu wamezaliwa hapa hapa. Chukua ile ndefu. Mwalimu yuko hapo, ukikwama unamuuliza."

"Asante, dada," Bernardine alimjibu. "Nitaenda kwanza niangalie."

Maana alikuwa mwalimu, na mwalimu hachagui shule kwa kusimuliwa. Aliviandikia vyuo vyote viwili akiomba aruhusiwe kukaa siku moja na kutazama wanavyofundisha. Vyote vikakubali, naye akamchukua Rachelle wakaenda.

Saint Paul walikaa nyuma ya darasa. Somo lilikuwa la figo, jambo ambalo Bernardine alilifundisha miaka mingi kwa chaki na ubao uliopasuka. Lakini mwalimu alisema upesi kama mtangazaji wa mpira. Alitania kuhusu kipindi fulani cha televisheni, darasa zima likacheka, na kabla Bernardine hajajua kicheko kimetoka wapi, somo lilikuwa limeshafika kwenye dawa za kupunguza maji mwilini. Alitoka na nusu ya somo. Rachelle, kwa upande wake, alikuwa amewaka. Aliingizwa kwenye kikundi, akabishana, akanyoosha mkono, akasahau kabisa kwamba yeye ni mgeni.

Minneapolis, mwanamke mrefu mwenye nywele za mvi, mwalimu aliyeitwa Bi. Lindqvist, aliwaonyesha video za masomo, kisha akawapeleka maabara. Kulikuwa na vitanda kama vya hospitali, na kwenye kila kitanda amelala mwanasesere mkubwa wa plastiki anayepumua na kukohoa.

"Mtu akitaka kurudi hapa kufanya mazoezi, anaruhusiwa mara ngapi?" Bernardine aliuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu.

"Kila siku, tangu asubuhi mpaka tunapofunga," Bi. Lindqvist akajibu.

"Na nafasi za hospitali, nani anatutafutia?"

"Sisi. Mwanafunzi hatafuti."

Bernardine akaitikia kwa kichwa. Walipofika nyumbani, hata koti hajavua, akasema, "Mimi nitasoma Minneapolis."

Rachelle alidhani hajasikia vizuri. Alijibu kwa Kiingereza, kama alivyozoea, ingawa mama yake alimsemesha Kiswahili. "Mama, hicho ndicho kigumu."

"Ni kigumu kwako. Mimi video nitaisimamisha. Nikiiambia rudia, itarudia, haitachoka wala kunikunjia uso. Mwalimu wa pale Saint Paul nitamrudisha nyuma mara ngapi kabla darasa halijanichukia?"

"Lakini kila mtu anasema..."

"Kila mtu anapima Kiingereza changu. Hakuna aliyepima kichwa changu. Figo naijua, moyo naujua. Ninachokosa ni lugha, na lugha nitaipata kwa kurudia. Na wewe usiende huko. Wewe peke yako na kompyuta, utalala usingizi. Nimekuona leo darasani. Wewe unajifunza ukiwa na watu."

Rachelle alikuwa amewaambia rafiki zake wote kwamba anachukua ya mwaka mmoja. Machozi yakamlengalenga. Aliposema tena, alisema kwa Kiswahili.

"Mama, naogopa utashindwa. Utarudi kulia hapa, na mimi sitajua la kufanya."

Bernardine akavua koti, akaketi karibu yake. "Nikilia, utaniletea maji ninywe. Basi. Halafu nitarudi kusoma."

Ndagijimana, aliyekuwa mlangoni na viatu vyenye theluji, aliwatazama mke na binti yake walivyobadilishana vyuo alivyowapangia. Kisha akaenda kutafuta kitambaa cha kufutia sakafu.

Masomo yalianza Januari, baridi ikiwa ya kukata masikio. Bernardine alipunguza zamu Anoka. Alizitazama video kwanza kwa maandishi chini ya picha, kisha akayaondoa maandishi akasikiliza tu, kisha akafunga macho na kujieleza mwenyewe somo zima, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, na mwisho kwa Kiingereza. Mitihani ya nadharia aliipita yote, mingine kwa alama za juu za kundi lake.

Kilichomwangusha kilikuwa salamu.

Ulikuwa mtihani wa maabara. Mwanasesere alianza kuhema, kipimo kikaonyesha hewa inapungua mwilini, na mwanafunzi alitakiwa kumpigia simu daktari. Bi. Lindqvist alikaa chumba cha pili akiwa ndiye daktari. Bernardine alijua ugonjwa, alijua dawa, alijua kila kitu. Akainua simu.

"Habari za asubuhi, daktari. Samahani sana kukusumbua. Natumaini siku yako imeanza vizuri. Mimi naitwa Bernardine, ni mwanafunzi hapa, na ninaomba, ukipata nafasi..."

Alipofika kwenye hewa, mashine ilikuwa inalia mlio mmoja mrefu. Bi. Lindqvist akatoka chumba cha pili.

"Bernardine," alisema kwa upole, "mgonjwa wako amekufa ukiwa bado unasalimia."

Sheria ilikuwa wazi: mtihani ule ulirudiwa mara moja tu. Ukianguka tena, unatoka kwenye programu.

Siku hiyo alilia kweli. Rachelle akamletea maji. Bernardine akayanywa, akajifuta, akasema, "Nimefundishwa tangu utoto kwamba mtu mkubwa humwanzii maneno bila kumsalimu. Sasa nitaiondoaje hiyo kinywani?"

"Kwa kurudia," Rachelle akamwambia. "Si ulisema mwenyewe? Sema mambo manne tu. Kuna nini. Mgonjwa ni nani. Unafikiri ni nini. Unataka nini. Papa! Njoo, wewe ndiye daktari."

Ndagijimana akaingia chumba cha kulala na simu yake, akafunga mlango. Bernardine akapiga kutoka jikoni.

"Allô!" Ndagijimana akanguruma. "Sema upesi, niko na kazi!"

"Shikamoo, dak..."

"Nimekata!" Na kweli akakata.

Wiki hizo, daktari wa chumba cha kulala aliamshwa usingizini, akakatizwa chakula, akapigiwa akiwa anatazama mpira. Kila alivyopigiwa alizidi ukali, kwa sababu alikuwa ameanza kuipenda kazi yake. Na kila siku Bernardine alikwenda maabara, akamwinamia mwanasesere, akasema yale mambo manne kwa sauti mpaka sauti yenyewe ikabadilika. Ilikuwa ile sauti yake ya Uvira, ya kutuliza darasa lenye wanafunzi waliobanana hadi madirishani. Alikuwa hajaisikia kwa miaka mingi. Alidhani aliiacha barabarani pamoja na vitu vingine.

Mtihani wa pili, alisema yote kwa pumzi moja. Mwanasesere akapona. Bi. Lindqvist akatoka chumbani akipiga makofi, na wanafunzi waliokuwa wakingoja zamu yao mlangoni wakamshangilia.

Mwisho wa kiangazi alikuwa akifanya mazoezi katika wodi ya upasuaji. Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwa Bwana Halvorson, mzee wa Apple Valley aliyebadilishiwa nyonga, mpole, asiyependa kusumbua mtu. Asubuhi moja Bernardine aliingia akamkuta amekaa kitandani, ameshika ukingo wa shuka.

"Unajisikiaje leo?"

"Niko sawa," akasema mzee. "Niko sawa tu."

Lakini miaka ya Anoka ilikuwa imemfundisha kwamba wazee wa huku husema wako sawa hata nyumba ikiungua. Alisikia pumzi ilivyokatika katikati ya maneno. Akapima hewa: imeshuka. Akafunua mguu: umevimba, una joto. Akabonyeza kengele, akamwinua mzee mgongo, na nesi aliyemsimamia alipoingia mbio, Bernardine hakumtafutia maneno mazuri.

"Bwana Halvorson hapumui vizuri, na hewa inashuka. Alifanyiwa upasuaji wa nyonga juzi. Mguu umevimba, nahofia damu imeganda na kwenda mapafuni. Tumwite daktari sasa hivi."

Nesi akamtazama kidogo, akapiga simu, kisha akampa mkononi. "Mwambie mwenyewe. Niko hapa."

Akamwambia mwenyewe. Daktari hakuuliza swali hata moja, alisema tu, "Nakuja." Walikuja wengi, na mashine zao, wakamkimbiza mzee kupigwa picha. Ilikuwa damu iliyoganda, na ilikuwa imewahiwa. Siku chache baadaye Bwana Halvorson, rangi imemrudi, alimuuliza Bernardine alikotoka. Alipomwambia, mzee akasema hapajui mahali hapo, lakini anashukuru kwamba yeye ametoka huko.

Mahafali yalifanyika Desemba. Kabla ya kusoma majina, msemaji aliwaomba wageni wasipige makofi mpaka wote wamekwisha kuitwa. Wageni wa Minnesota walitii. Safu mbili za nyuma zilijaa Wakongo wa kanisa la Bernardine, wanawake wamevaa vitenge vya sare, na wao walivumilia majina ya herufi kadhaa za kwanza kwa shida kubwa. Nkirote naye alikuwamo katikati yao, ameazimwa kitenge.

Jina la Bernardine lilipotajwa, vigelegele vikapasua ukumbi. Ndagijimana alisimama juu ya kiti, dereva mzima wa basi la jiji, akipunga kofia. Msemaji akajaribu kuendelea, akashindwa, akaishia kucheka. Hapo wazazi wa wengine wakaona ruhusa imepatikana, nao wakaanza kuwashangilia watoto wao kila jina lilipoitwa, na sherehe ile iliyokuwa na adabu ikawa karamu.

Kila mhitimu alikuwa amechagua mtu wa kumbandika pini ya unesi kifuani. Bernardine alimchagua Rachelle, aliyekuwa bado na masomo yake Saint Paul na kikundi chake cha darasani alichokipenda kama ndugu. Rachelle akajaribu mara mbili, pini ikakataa kuingia.

"Polepole," Bernardine akamnong'oneza. "Usinichome, kesho nina kazi."

Wote wawili wakacheka, machozi yakiwatoka, na pini ikaingia.

Ulibaki mtihani wa taifa wa kupata leseni. Bernardine aliufanya majuma machache baadaye. Kompyuta ikajizima mapema kuliko alivyotarajia, akatoka akiwa na hakika ameanguka, akapita kwenye barafu ya maegesho bila kuitazama. Nkirote alimwambia kwa simu, "Ikizima mapema, huwa umepita vizuri ama umeanguka vibaya. Wewe si wa kuanguka vibaya." Hilo halikumtuliza. Lakini baada ya siku mbili jina lake likaonekana kwenye tovuti ya Bodi ya Wauguzi, herufi zote mahali pake, na mbele yake neno moja: muuguzi. Ndagijimana alilisoma kwa sauti, akampigia pasta, akawapigia ndugu wa Uvira, akampigia hata mkuu wa kituo chake cha basi.

Jioni hiyo Rachelle alikuja na begi lake, akaweka vitabu mezani kati ya sahani za bugali na sombe, kile kisamvu cha kwao.

"Mama," alisema kwa Kiswahili, "wiki ijayo nina mtihani wa dawa za moyo. Zinanichanganya. Unaweza kunifundisha?"

Bernardine akasogeza sufuria pembeni, akavuta kiti.

"Funga kitabu kwanza," akasema. "Niambie moyo unafanya nini."